Kidole cha Pili

"Korongo, maziwa yatachemka saa saba. Zima jiko."

Kisha sauti ya Mkuu ikakatika.

Warigia alikisukuma kisikizi ndani zaidi ya sikio, akaongeza mafuta. Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma. Mbele yake, kwenye barabara ya Moiben, Probox nyeupe ilikimbia kati ya mashamba ya mahindi kama sungura aliyesikia mbwa.

Ndani ya gari hilo alikuwamo Mzee Lazarus.

Korongo lilikuwa jina la kazi la Warigia. Maziwa yalikuwa tangazo. Jiko lilikuwa kidole gumba cha mzee huyo, na amri ilikuwa kukizuia kisiguse simu, hata ikibidi kwa bastola ya Glock iliyolala mkobani mwake, chini ya rundo la hojaji za chuo kikuu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, 2022. Kura zilikuwa zimepigwa, matokeo hayajatangazwa. Eldoret ilibana pumzi. Wenye umri walikuwa wakiutazama upeo wa macho, wakitafuta moshi kama ule wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008.

Kwa sababu ya moshi ule, watu waliipenda Mabega.

Mabega ilikuwa programu ya simu. Vikundi vya akiba viliweka michango yao humo, na habari za usalama zilipitia humo. Tangazo halikutoka mpaka wadhamini wawili waweke vidole gumba, kila mmoja kwenye simu yake: mmoja wa wenyeji, mmoja wa wale waliohamia kutoka mkoa wa kati. Majina yao yalifichwa wasije wakatishwa au kuhongwa. Lakini wote walijua kwamba wawili wamekubaliana, na hilo liliwatosha. Ukileta habari sokoni bila Mabega, ulichekwa. Hiyo ni porojo, wangekuambia. Mabega imesema?

Idara ya ujasusi ilimwingiza Warigia katika kampuni ya Mabega akijifanya mwanafunzi wa shahada ya pili, anayechunguza jinsi mashirika ya mtandaoni yanavyojifadhili na kwa nini watu huyaamini. Aliuliza swali moja la kitoto. Nani analipa?

Mabega haikutoza ada. Haikubeba matangazo ya biashara. Kila mwaka ilipata hasara, na kila mwaka hasara hiyo ilizibwa na mtu wa ng'ambo aitwaye Corvin. Biashara nyingine ya Corvin ilikuwa kununua ardhi. Hasa ardhi ya watu wanaokimbia.

Ukipewa maziwa ya bure kila asubuhi, nenda ukatazame zizi.

Idara ilitazama. Katika mitambo ya Corvin ikakuta tangazo lililorekodiwa, likisubiri vidole viwili. "Majirani, wanakuja. Msingoje. Kimbieni, ama mshike chochote mlicho nacho." Halikusema ni nani anayekuja. Kila upande ungejaza jina wenyewe. Na kuzima mtandao kusingesaidia, kwani siku kama hiyo mtandao ukizimwa, huyu hufunga mizigo na yule hunoa panga.

Sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Mzee Lazarus, na hivyo Idara ikajua mdhamini wa wenyeji ni nani; wa pili haikumjua.

Warigia aliitambua mara alipoisikia. Sauti hiyohiyo ilimwambia mwaka ule wa moshi, akiwa msichana wa darasa la sita aliyebanwa nyuma ya magunia ya mahindi pamoja na mama yake: tulia, mtoto, hapa hakuna mtu atakugusa. Vijana wa wenyeji walikuwa mlangoni na mienge, wakiwatafuta waliohamia kama wao. Lazarus alisimama kizingitini akawauliza kama mama zao wanajua walipo. Wakaondoka.

Sasa mzee huyo alikuwa ameuza sauti ile.

Asubuhi Warigia alikunywa chai dukani kwa Anko Wanyoike, mtaa wa Pioneer. Anko alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema Lazarus amebadilika siku hizi. Damu ni damu, akasema, mwisho mtu husimama na kabila lake. Anko Wanyoike ndiye aliyemlea baada ya baba yake kuuawa. Alimlipia karo. Nje ya Idara, ni yeye peke yake aliyejua kazi yake halisi. Neno la Anko, Warigia alilibeba kama la kwake.

Probox ilikata kushoto, ikasimama nje ya kituo cha kupozea maziwa cha Moiben.

Warigia alizima pikipiki kabla haijasimama. Mkono mkobani. Hatua ndefu.

Mzee alikuwa ofisini peke yake, koti limemning'inia mabegani, akijimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Aliinua macho akaona mdomo wa bastola.

Hakuinua mikono. Alikitua kibuyu taratibu.

"Warigia wa Muthoni," akasema, akimtaja kwa jina la mama yake. "Ni mimi unanielekezea hiyo kitu?"

"Simu, Mzee. Isukume huku."

Aliisukuma. Akauliza ameiba nini. Warigia akamsikilizisha sauti iliyonaswa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukazeeka pale pale.

"Ni sauti yangu," akasema. "Maneno si yangu."

Alieleza kwa shida. Mwezi wa tano watu wa kampuni walimketisha siku nzima, wakamsomesha sentensi za ng'ombe, za mvua, za harusi. Walisema wanafundisha mashine Kiswahili cha huku. Walimpa soda. Yeye alifurahi, maana aliona hata mashine inataka kuongea kama watu wa Moiben.

Basi tangazo lile lilisemwa na mashine kwa sauti yake. Bastola ilianza kuwa nzito mkononi mwa Warigia.

"Na kidole? Usibonyeze tangazo lolote leo."

"Nimeshabonyeza. Nikitoka stendi. Mwenzangu alinipigia akasema nibonyeze mapema, network ya huku hupotea. Ni tangazo la maombi ya amani. Yeye atabonyeza saa saba."

"Mwenzako ni nani?"

Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Kwani hakukuambia? Si ni anko yako."

Mahali fulani nyuma ya ukuta, mtambo wa kupozea ulikuwa ukivuma.

Warigia alisimama. Kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani mwake: chai ya asubuhi, kile kichwa kilichotikisika, damu ni damu. Anko alijua kabisa Warigia angemshuku nani akisukumwa kidogo tu. Hakuhitaji hata kumdanganya sana. Uongo wenyewe, kwamba mwenyeji haaminiki, ulikuwa tayari ndani yake tangu darasa la sita, na hata Mzee aliyemficha hakuweza kuufuta.

Alishusha bastola. Akaanza kuomba radhi.

"Enda," Mzee akasema. "Hayo mengine utaniambia ukirudi."

Yamaha iliruka barabarani.

"Kiota, hapa Korongo."

"Sema." Ilikuwa sauti ya Kavetsa, mkuu wake, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Mzee ni safi. Ametumiwa. Kidole chake kimeshaingia."

"Cha pili ni cha nani?"

Upepo ulimpiga machoni.

"Cha nyumbani kwetu."

Kavetsa hakuuliza zaidi. Alisema Corvin, aliyekuwa mjini, ametoka hotelini kwa gari la Prado, anakimbilia Nakuru kabla moto haujawaka. Timu yote inamfuata kuelekea Timboroa. Pioneer hakuna mtu.

"Waache wamfuate," Warigia akasema. "Pioneer niko mimi."

Alipita malori kushoto. Alipita boda boda zilizobeba watu watatu watatu. Njiani akina mama walikuwa wamekaa vibarazani, simu mapajani, redio zimefunguliwa. Walikuwa wakiteta na kumenya viazi. Hawakujua kwamba nyumba zao zilikuwa zimeshapigiwa bei.

Saa saba kasoro kidogo alifunga breki mbele ya duka la Anko la vifaa vya ujenzi.

Ndani hapakuwa na wateja. Anko Wanyoike alikaa upande wa pili wa kaunta, miwani puani, simu mbele yake. Hakushtuka.

"Umerudi mapema," akasema. "Chai ilibaki kwa thamosi."

"Achana na simu, Anko."

Glock ilikuwa juu. Anko aliitazama kama mtu anayetazama gauni fupi.

"Hiyo ndiyo karo nililipa?"

"Kwa nini?"

Alivua miwani. Kwa muda alionekana kama yule mtu wa zamani, aliyekuwa akimngoja getini mwa shule na mwavuli.

"Mwaka ule niliuza ploti ya baba yako kwa bei ya mbuzi," akasema. "Nikauza hii na ile, ndio tule. Unajua nani alinunua? Mtu alikuwa amekaa tu huko mbali akingoja moshi. Hakutukana mtu, hakushika panga. Alingoja. Hapo nikajua kuna wenye kukimbia na kuna wenye kununua. Mimi nimechoka kukimbia, Warigia."

"Hao watakaokimbia ni majirani zako. Ni watu wa kanisa lako."

"Hakuna mtu atakufa. Watahama tu."

"Baba alikuwa anahama tu."

Anko aliinamisha kichwa. Moyo mjinga wa Warigia ukatumaini.

Kisha kidole chake kikaanza kutambaa kuelekea simu.

"Hutanipiga risasi," Anko akasema kwa upole. "Mama yako akiwa amelazwa, ni mimi nilikuwa nakusuka nywele."

Alisema kweli. Warigia aliutafuta mkono wa kufyatua, akaukosa.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshagusa kopo kwenye kaunta. Rangi ya mafuta, ya kijani, imechanganywa tayari kwa mteja, kifuniko kimewekwa juu juu.

Akamrushia nusu yake.

Rangi iliruka kama ulimi. Ikamfunika Anko kiganja, mkono wa shati, kidevu. Anko alibonyeza. Simu ikatetemeka ikikataa. Akafuta kidole kwenye suruali, akabonyeza tena. Ikakataa. Mistari ya kidole chake, ile ambayo Mabega iliijua, ilikuwa imezama chini ya kijani kizito. Alijinyoosha kufikia chupa ya tapentaini ya kuondolea rangi kwenye rafu.

Warigia aliruka kaunta.

Goti kifuani. Chupa chini. Simu akaitumbukiza ndani ya kopo, ikazama ikitoa mapovu.

Redioni, duka la jirani, mtangazaji alisema ni saa saba kamili.

Hakuna kilichotokea.

Hakuna simu iliyolia Pioneer nzima. Hakuna mlango uliofungwa kwa kishindo. Warigia alikaa sakafuni akihema, akakisikiliza kitu hicho ambacho hakikutokea.

Alitoa pingu.

"Usikaze upande wa kulia," Anko akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Kifundo hicho kinauma siku za baridi."

Warigia alijua. Alikuwa akikikanda kwa mafuta tangu akiwa msichana. Hakukaza.

"Utamwambia nini mama yako?"

Warigia alifunga pingu ya mkono wa kushoto.

Kisikizi kikakwaruza.

"Korongo, Prado imesimamishwa Timboroa," Kavetsa akasema. "Corvin anaomba wakili na blanketi. Jiko?"

"Limezimika."

"Vizuri. Nani alimwambia huyo mtu wa kwenu kazi yako?"

"Mimi, Mkuu."

Kalamu ilisikika ikiandika.

"Utaandika ripoti."

"Nitaandika. Lakini kwanza nina mzee wa kumwomba msamaha Moiben."

Landrova ya polisi ilimchukua Anko Wanyoike kupitia mlango wa nyuma, ili mtaa usishtuke. Warigia alifunga duka, akaweka ufunguo mfukoni. Vidole vyake vilikuwa vya kijani. Alivaa miwani ya jua, akatoka.

Nje, mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alimpungia upepeo. Aliitwa Njeri, na alikuwa na kitambaa cha kanisa kichwani. Aliuliza kama kuna habari yoyote. Mabega imenyamaza tangu asubuhi, akasema, na yeye bila Mabega hajui aamini nini.

Warigia alisimama. Alimtazama mama huyo, aliyeiweka akiba yake yote na usingizi wake ndani ya simu ya watu asiowajua.

"Usingoje simu, Mama," akasema. "Muulize jirani yako."

Njeri alimtazama kana kwamba amechanganyikiwa. Kisha akageuka, akaufikia ua wa michongoma, akapaza sauti kwa jirani yake, mmoja wa wenyeji.

"Mama Jebet! Huko kwenu kuko aje?"

Warigia, mguu mmoja juu ya pikipiki, aligundua kwamba amebana pumzi.

"Kuko tu sawa," sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya ua. "Lete hayo mahindi, mimi nina chai."

Warigia aliwasha Yamaha, akaelekea Moiben.