Pumzi ya Jiwe Jeusi

Ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika asubuhi ile, hata mabenchi yakawa yanakaliwa kwa zamu. Bi Mawe, kama wenzake kazini walivyozoea kumwita, alisimama ukutani na gauni lake la zambarau, akijitahidi kutomwangalia mtu aliyekuwa upande wake wa kushoto. Alikuwa mweusi tii, mwembamba, hana uso. Kila Bi Mawe alipogeuka, naye aligeuka.

"Usimkimbize," sauti ikasema kando yake. "Huyo anakwenda na jicho."

Alikuwa fundi wa mashine ya leza, mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Akamweleza kwa upole kwamba ile ni damu iliyovuja ndani ya jicho, na wengi huiona kama mtu. Leza ingeziba mishipa inayovuja, lakini ilihitaji awamu mbili; akikatiza, jicho litapofuka. Bi Mawe akauliza mashine yenyewe inatumia nini. Gesi ya agoni, fundi akajibu, na mama wa watu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua.

"Basi tunakula sahani moja," akasema. "Mimi gesi hiyo hiyo naitumia kupima umri wa mawe."

Tangu hapo simu hazikukatika. Bi Mawe alimweleza kwamba ndani ya jiwe mna potasiamu, ambayo kidogo kidogo hugeuka agoni. Mlima ukitapika, jiwe likiwa bado uji wa moto, gesi yote hutoka. Likipoa, hesabu inaanza upya. Ukilichemsha tena maabara, unapima gesi iliyokusanyika, na umri unajitaja wenyewe.

"Kumbe mawe hayafichi umri kama akina dada," fundi akamtania.

"Mawe na mimi, laazizi."

Awamu ya kwanza ya leza ikapita salama. Kabla ya ile ya pili, fundi alimletea jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi. Jiwe hilo lilikuwa uji wa moto alipokuwa mtoto, akasema, siku mlima ulipopasuka juu ya nyumba yao. Mama yake alirudi ndani kuchukua shuka na hakuonekana tena. Hakuwahi kumpa mtu jiwe lile. Alitaka Bi Mawe ajue ametoka wapi.

Bi Mawe angeliweka tu kabatini, yangekwisha. Lakini mazoea yana taabu. Alivunja kipande, akakifungia ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, akakipandisha moto. Maabara ile ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha, na pampu zilinguruma ukutani. Jiwe likawa jekundu, likaanza kutoa pumzi. Jiwe changa namna ile lilipaswa kuwa tupu; hili lilitema gesi ya miaka laki kadhaa. Na hapo mtu mweusi aliyekaa pembeni mwa jicho, ambaye hakuwahi kusogea bila jicho kusogea, akainama taratibu juu ya chombo kama anayeota moto. Bi Mawe hakuwa amegeuza jicho.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mchumba wake wa kwanza alikuwa amemficha mke na watoto, na dada yake mkubwa alikwisha kumwonya juu ya mwanamume asiye na shangazi wala mjomba wa kuulizwa. Akampigia fundi simu.

"Jiwe lako ni la kale kuliko watu. Mama yako hakufia hapo. Umenidanganya."

"Nilishika nguo yake, ikanichomoka mkononi," fundi akasema. "Umeliuliza jiwe, mimi hukuniuliza."

Akakata. Bi Mawe naye, kwa hasira na haya, hakwenda awamu ya pili. Yule mtu mweusi wa jichoni akanenepa. Akaota mabega, akaota kichwa kilichofungwa kitambaa. Akawa anamngojea jikoni, anakaa naye mezani. Dada yake alipoambiwa, alimwuliza jicho nalo lilikuwa na kosa gani.

Siku moja, akijiandaa kulirudisha jiwe, Bi Mawe alilitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa lile jicho zima. Ndani ya weusi mlikuwa na punje za kijani. Zilikuwa punje za zamani, zilizong'olewa chini kabisa na uji ule na kubebwa juu bila kuyeyuka, zikiwa na gesi yake ya kale. Kila mwaka aliwaonya wanafunzi wazichambue kwanza. Yeye, kwa papara, alichemsha vyote pamoja. Alipozitoa na kupima tena, jiwe halikuwa na pumzi yoyote.

Hakupiga simu. Alikwenda kliniki, akaweka kidevu kwenye kishikio cha mashine. Daktari wa macho, ambaye wote walimwita Mama Daktari, alisimamia kando, na fundi alilenga mwanga bila kumtazama usoni.

"Nilikosea," Bi Mawe akasema. "Jiwe lilibeba ukale usio wake. Ulisema kweli. Nisamehe, mpenzi."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo unayemwona, yukoje sasa?"

"Amejifunga kitambaa. Fundo liko mbele, juu ya jicho la kulia."

Mkono wa fundi ukasimama. "Sikuwahi kukuambia mama alivyofunga kitambaa."

"Hukuniambia."

Mama Daktari akasema mishipa ikizibwa, damu itaisha na picha itayeyuka. Isipozibwa leo, jicho limekwenda. Fundi hakuondoa mkono, wala hakuwasha. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Muage," Bi Mawe akamwambia. "Yuko hapo nyuma yako."

Fundi hakugeuka. "Mama," akasema, "huyu ndiye ninayetaka kumwoa, kama atanikubali."

"Bibi, usitikise kichwa," Mama Daktari akaonya. "Jibu kwa mdomo."

"Nakubali," akasema Bi Mawe, bila kutikisika, na fundi akawasha mwanga.