Miaka Mitatu Bila Kushika Ufagio

— Inua miguu kidogo, mgeni wetu.

Fundi akainua miguu. Ufagio ukapita chini yake kwa adabu, ukatokea upande wa pili na kizibo cha soda.

— Mama, nipe huo ufagio nikusaidie.

— Wewe kunywa juisi yako. Mgeni hafagii.

Miaka mitatu Fundi anakuja katika nyumba hii ya kina mchumba wake, na miaka mitatu anapewa kochi lile lile, glasi ile ile ya ukingo wa dhahabu, na jina lile lile: mgeni wetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake lilipotelea njiani. Leo alikuja asubuhi makusudi, amevaa ovaroli, maana alijua nyumba inasafishwa kwa ajili ya sikukuu. Mapazia yameshushwa, zulia liko nje kwenye kamba, makochi yamesukumwa katikati ya sebule. Naye kawekwa juu ya moja, katikati ya sebule, kama kinyago.

Mama akapanda juu ya stuli, balbu mkononi.

— Mama, mimi ni fundi umeme.

— Najua, baba. Pumzika. Huko kazini umeshashika za kutosha.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa ovaroli. Mjomba wake mkubwa.

— Wewe kijana, barua ya posa ninayo, shati nimeshapiga pasi. Jumapili tuje au tusije?

— Nipe mpaka jioni, mjomba.

— Jioni kuna nini?

— Nasubiri mama anigombeze.

Mjomba akashusha sauti.

— Mwanangu, umekula leo?

Lakini ndivyo alivyokubaliana na mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye saa ile alikuwa jikoni akisugua masufuria mpaka yanaomba radhi. "Mama yangu hagombezi wageni," Mwalimu alimwambia wazi. "Siku akikufokea, ujue umeingia. Bila hivyo usitume mtu. Siolewi huku mama ananitazama kama mtu aliyeibiwa."

Ujumbe ukaingia: *Vipi huko?*

Fundi akajibu: *Nimeongezewa mto wa mgongoni.*

*Umekwisha. Njoo jikoni, mimi nageuza zulia nje. Osha glasi yako mwenyewe kabla hajakuwahi.*

Fundi akanyata hadi jikoni na glasi yake. Glasi tano za wageni zilikuwa zimepangwa juu ya meza, zimeshaoshwa, zinameremeta. Akaosha ya sita kwa mapenzi yote. Akaifuta kwa kitambaa cheupe alichokikuta pale. Akaigeuza kwenye mwanga aone kama imetakata.

Ikamponyoka. Ikalia mara moja tu, ikawa vipande.

Mwanamume anayepanda nguzo za umeme bila woga akachungulia mlangoni kama mwizi. Akaokota vipande, akavifunga kwenye gazeti, akafungua kabati la chini ya sinki, akalisukuma furushi nyuma kabisa ya kopo kuukuu la rangi. Vidole vyake vikagusa mafurushi mengine. Akachungulia moja: mfuniko wa birika. Jingine: mkono wa kikombe. Akafunga kabati haraka.

Mama akaingia na trei kuzichukua glasi.

— Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Akahesabu tena, taratibu, kana kwamba ya sita imechelewa tu.

— Nani?

Mwalimu alikuwa ndiyo anaingia kwa mlango wa uani. Akamtazama Fundi usoni, akaelewa yote.

— Mimi, mama.

— Wewe. Hiyo mikono uliazima wapi? Watoto wa watu unawafundisha nini huko darasani, kuvunja? Glasi alizonunua marehemu baba yako, zimehama nyumba tatu hazijapata hata mkwaruzo, zinakuja kufia mikononi mwako jikoni?

Fundi alisikiliza kwa wivu. Maneno matamu yale, kila moja halali yake, anamwagiwa mtu mwingine.

— Mama, ni mimi.

Mama akageuka, akavaa lile tabasamu la sebuleni.

— Aa, basi haidhuru, mgeni wetu. Glasi ni glasi tu.

Fundi akahisi barua ya posa ikirudi ndani ya bahasha. Mwalimu akainamisha kichwa.

— Ila vipande uliweka wapi? Nisije nikajikata.

Macho ya Fundi yalimsaliti. Mama akayafuata mpaka kwenye sinki. Akainama, akasukuma kopo la rangi, akalitoa furushi jipya. Akabaki ameinama.

— Nani kakuonyesha hapa?

— Hakuna, mama. Niliogopa tu.

— Huyu binti yangu alificha mfuniko wa birika hapa hapa. Kaka yake, sahani. Marehemu baba yao alificha kikombe changu cha harusi, mtu mzima na ndevu zake. Wakosaji wote wa nyumba hii nyuma ya kopo hili.

Alipoinuka, tabasamu la sebuleni halikuwepo.

— Na wewe, huoni haya? Umeme unauweza, glasi inakushinda? Miaka mitatu nakuwekea mito mgongoni, kumbe wewe ni hawa hawa! Na hicho kitambaa ni cha meza, si cha vyombo. Unacheka?

— Hapana, mama.

— Anacheka. Shika ufagio.

Fundi akaushika kwa mikono miwili. Akafagia jikoni, akafagia korido.

— Na kule pembeni unamwachia nani?

Akarudi kufagia pembeni. Mama akasimama dirishani, akitazama nje.

— Mgeni akiaga, anaondoka peke yake, hanichukulii binti, alisema kwa sauti ya chini. Ndiyo maana nilikuacha uwe mgeni.

Mwalimu akamshika bega.

— Mama, tunahamia mtaa wa pili tu. Tukikohoa utasikia.

— Nitakuja kukagua chini ya sinki.

Akamimina chai kwenye kikombe cha bati chenye pengo, kilichokuwa kinaning'inia msumarini tangu msiba wa mumewe, akamsukumia Fundi.

— Nywea upande huu. Ule unakata.

Simu ikaita. Fundi akapokea mdomo umejaa chai.

— Vipi, umegombezwa?

— Vizuri sana, mjomba. Mpaka habari za kitambaa.

— Huyo ndiye mjomba? Mama akauliza. Mwambie waje Jumapili. Ila wasizidi watano.

— Kwa nini watano, mama?

— Kwani glasi umeniachia ngapi?