Chupa Tupu Mlangoni

Kila asubuhi Yasmina alifagia uwanja wake. Halafu alipanga chupa tupu za soda mlangoni. Alizipanga upande wa barabara, si upande wa ndani. Alitaka kila mtu anayepita mtaa wao wa Buyenzi azione, ajue nyumba hiyo haina njaa.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1995 vita viliingia mtaani, na familia yake ikakimbia. Waliporudi, Yasmina na binti yake Assia walikuwa wamekonda sana. Watu walinong'ona. Wengine walisema ni njaa. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Yasmina aliona haya hata kwenda sokoni. Akaapa kwamba mtoto wake hataonekana tena amekonda.

Tamim, mume wake, alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba. Siku moja alikuja Honoré, wakala wa soda iliyoitwa Soleya. Alileta frigo mpya, jokofu la kupozea soda. Alipaka ukuta wa duka rangi ya chungwa, akamchora mtoto mwenye mashavu manene anayecheka. Chini aliandika: "Mtoto mwenye afya hunywa Soleya."

"Frigo ni ya bure," Honoré alisema. "Lakini ndani munaweka Soleya tu. Maji apana. Maziwa apana."

Basi maziwa ya mgando ya Yasmina yakatolewa dukani. Frigo ilichukua nafasi yake, na yeye akaacha kuyanunua. Assia akawa anakunywa soda asubuhi na mandazi, mchana na wali, jioni na biskuti. Akanenepa, na majirani walimfinya mashavu.

"Ee, Mama Assia! Huyu mutoto anakula vizuri kweli!"

Yasmina alifurahi. Nani hapendi kusifiwa?

Furaha hiyo iliisha alasiri moja mwaka 2000. Yasmina na Assia walikuwa sokoni. Ghafla risasi zikalia, maana vita vilikuwa havijaisha, na watu wakakimbia. Yasmina alimshika Assia mkono, wakakimbia nao. Hawakufika mbali. Assia alisimama akihema, ameshika kifua.

"Mama, mi siwezi."

"Kimbia, mutoto wangu! Tuko karibu kufika!"

"Siwezi. We enda, mama."

Yasmina alijaribu kumbeba, akashindwa. Fundi wa magari aliyeitwa Chabani aliwaona. Akawavuta ndani ya karakana yake, akafunga mlango. Walikaa chini kati ya magurudumu mpaka kukawa kimya. Mungu aliwalinda, hakuna aliyeumia. Lakini Assia aliendelea kulia.

"Unalia nini tena? Imeisha," Yasmina alimwambia.

"Ku masomo watoto wananiita Soleya," mtoto alijibu. "Nikipita wanajaza mashavu, wanacheka."

Yasmina aliinamisha kichwa. Aliogopa yeye kuchekwa, na sasa anayechekwa ni mtoto. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya mwaka 1995.

Kesho yake alimwita jirani yake Marguerite, muuguzi wa zahanati. Marguerite alimpima Assia na kumsikiliza kifua. Kifua kilikuwa kizima, lakini uzito ulikuwa umezidi. Kisha akaomba sufuria ndogo na soda moja. Akaimimina, akaiweka jikoni juu ya mbabula, jiko la makaa. Maji yalipokauka, sufuria ilibaki na kitu kizito cha kunata.

"Angalia, Mama Assia. Hii yote ni sukari. Mutoto anakunywa hii kila siku, mara tatu."

Yasmina alikoroga kwa kijiko. Kijiko kikaganda.

"Ni mi nimemuharibu mutoto," alisema kwa sauti ndogo.

"Kosa si yako peke yako. Majirani wanasifu mutoto munene. Mutu wa Soleya analeta frigo, anaondoa maziwa, anachora ukuta. Mutoto anakunywa kile anaona. Sasa tubadilishe kile anaona."

"Nimunyime chakula?"

"Apana! Anakomaa, lazima ale. Na usimucheke, wala usimupikie peke yake. Nyumba yote mule kitu kimoja. Wali kidogo, maharage na mboga ya lengalenga mingi, samaki ndogo ya ndagala, matunda. Munywe maji ya kuchemsha. Soda ibaki ya Idi. Na mutoto acheze, aruke kamba."

Tamim alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Honoré aliporudi, Tamim alimwambia, "Ntauza soda yako. Lakini maziwa na maji vinaingia mu frigo." Honoré alikataa, akabeba frigo yake. Kwa siku chache duka lilipungukiwa na wateja. Maziwa wakayaweka ndani ya mtungi wenye maji baridi, na watu wakaanza kuyaulizia.

Miezi ikapita, na chupa hazikupangwa tena mlangoni. Siku moja alikuja Mahfudha, shangazi wa Tamim, mwenye duka kubwa la vitambaa mjini. Mgeni kama huyo kumpa maji! Yasmina alitaka kukimbilia soda dukani. Alimwangalia Assia, akajizuia. Akaleta jagi dogo la maji na papai. Akammiminia glasi moja.

"Shangazi, unisamehe. Hapa siku hizi tunakunywa maji."

Mahfudha aliitazama glasi. Yasmina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu," Mahfudha alisema mwishowe, "mi niko na ugonjwa wa sukari. Muganga alinikataza soda. Lakini kila nyumba naingia, wananifungulia chupa. Naona haya kukataa. Nakunywa, halafu naugua."

Akanywa glasi yote mpaka tone la mwisho, akamnyooshea Yasmina.

"Uniongezee."

Jagi lilikuwa tupu. Assia alilichukua, akavuka uwanja mbio hadi jikoni. Akarudi mbio vilevile, bila kuhema, maji yakimmwagikia mikononi, akamjazia bibi yake glasi.