Ndara Kizingitini

Haya alinisimulia Kirimi, mwalimu mwenzangu kule Ndau, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mitihani.

Ofisi ya elimu ilituletea miwani ya plastiki ya kutia simu, picha ikuzunguke pande zote, ili watoto wa kisiwani waione bahari. Kirimi alibeba moja nyumbani. Mkewe, Quinter, alikuwa amezama baharini, maiti haikuonekana, na kwenye faili za ofisi hiyo hiyo bado aliandikwa kuwa yuko safarini. Kirimi alibaki na video yake moja, ya kutazama pande zote, aliyopigwa akiwa ufuoni. Alitaka kumwona tena, basi.

Simu yake haikutambua kichwa kikigeuka. Picha ilikwama kwenye maji. Akaazima ya Bi Hindu, mwenye nyumba, akahamishia video humo.

"Mwalimu, watia uso sandukuni mtana huu, wamtafuta nani?"

"Najaribu mitambo, Bi."

"Haya. Usinimalizie chaji."

Akafunga madirisha kuzuia mwanga wa mchana, akaketi kitini, akavaa miwani. Safari hii picha iligeuka naye. Mawimbi yalivuma. Akageukia pale Quinter aliposimama. Palikuwa na mchanga mtupu.

"Hodi," ilisema sauti ya kike mlangoni.

Macho yakiwa bado ndani ya miwani, Kirimi akajibu kama anavyojibu mtu yeyote Ndau: "Karibu." Akasikia viatu vikivuliwa, kimoja, kisha cha pili.

"Simu yako hii hapa, Bi Hindu."

Bi Hindu akaitikia kutoka jikoni kwake, ng'ambo ya ua: "Waniita?"

Kirimi akavua miwani. Kizingitini palikuwa na ndara alizovaa Quinter siku aliyozama, zimeroa. Nyayo za maji zilianzia hapo, zikaja mpaka nyuma ya kiti chake.