Buku ya Kazi Iliyozikwa

Asubuhi ile Régine alifagia kiwanja mara tatu, na uchafu ulikuwa wa mara moja. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu azike mume wake Anaclet, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali. Jumamosi shemeki yake Rigobert, ndugu wa marehemu, angepakia watoto wake wawili ndani ya lori la kwenda kijijini Kasomeno.

"Utabalisha na nini?" Rigobert alimwuliza. Régine akashika ufagio.

Delphine, jirani aliyefundisha wanawake pale parokiani, akaingia.

"Mama, hii udongo ilikukosea nini?"

Régine akamweleza.

"Lakini mujane na batoto ya mufanyakazi beko na pensheni!" alisema Delphine. "Haiko sadaka. Balikuwa bakikata ku mushahara yake. Buku yake ya kazi iko wapi?"

"Alienda nayo."

"Wapi?"

"Mu sanduku. Mu mufuko ya koti."

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na kila njia panda askari alisema: onyesha karatasi! Régine aliona hata huko juu mbinguni hapakosi kizuizi, akamzika nayo.

Delphine alicheka mpaka akashika ukuta. Régine alikuwa tayari ameshika jembe la kufukua kaburi.

"Weka chini! Muache mufu na karatasi yake. Mutoto iko na karte ya dispensaire ya kiwanda?"

Kadi ya zahanati ilikuwepo, chini ya godoro. Juu yake: namba ya kazi ya baba.

"Ni hii! Kwa namba, kiwanda itaona jina ya Anaclet mu vitabu vyake. Ongeza karatasi ya kifo ku hopitali, ya ndoa, na ya kuzaliwa ya batoto. Kimbia, usingoje kilio iishe."

Régine alikimbia siku tatu: hospitali, parokia, kiwanda, ofisi ya pensheni. Kandambili ilikatika, akaifunga kwa kamba. Ijumaa karani alipiga muhuri, akampa Régine buku mpya ya pensheni yenye jina lake mwenyewe.

Jumamosi lori likapiga honi.

"Shemeki, panda," alisema Régine, akimwonyesha buku yenye muhuri. "Batoto banaenda masomo."

Rigobert aliutazama muhuri, akaigeuza buku, akapanda peke yake.

Pensheni ya kwanza ilipofika, Régine alinunua madaftari na unga, kisha akapita makaburini.

"Anaclet, ile buku ya kwako, onyesha huko. Ya kwangu inabaki ku nyumba. Na nilibaambia batoto: siku yangu ya kufa, banizike na nguo bila mufuko."