Bastola Ambayo Puachuma Haikuinusa

Watoto walipita chini ya Puachuma getini mwa shule, mmoja mmoja, na mashine ikabaki kimya. Kisha, kwa jaribio, akapita Afande Mwaijande, bastola ameificha ndani ya hotipoti ya wali wa nazi. Hapo Puachuma ikalia, lango likajifunga, na ukuta wa hewa nzito ukamgandisha afande pale pale na hotipoti yake. Wageni kutoka wizarani wakapiga makofi.

Mhandisi Tumpe Mwakibete alijaribu kutabasamu kwa kiasi, akashindwa. Nani angeweza? Aliiunda mwenyewe, Mbeya hii hii, huku wakubwa wakisema kitu kama hicho lazima kiagizwe ng'ambo. Puachuma haikutafuta chuma tu. Ilinusa mafuta ya bunduki na baruti, ikatofautisha silaha moja na nyingine. Wizara ikiridhika leo, ingewekwa katika kila shule nchini.

Wageni na Tumpe walikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Ambokile, wakinywa chai na maandazi, alipoingia Atupele, kiranja wa darasa la tano na binti wa Tumpe mwenyewe. Alikuwa anahema.

"Shikamooni. Mwalimu, kuna bastola kwenye begi langu. Sijaigusa. Nimewatoa wenzangu wote nje, mlango nimeufunga."

Mwalimu Ambokile alicheka. "Atu, mwanangu, haiwezekani. Si umepita getini?"

"Njoo uone, mwalimu."

Afande alikwenda, akarudi nayo mkononi, uso umembadilika. Ndani ya bastola mlikuwa na risasi moja.

Tumpe aliitambua kabla haijawekwa mezani. Ndiyo aliyoitumia kwenye majaribio mwaka mzima. Kila alipopita nayo, Puachuma ilimpigia kelele, mpaka akachoka, akaifundisha mashine kuipuuza harufu ya bastola ile moja. Asubuhi hiyo, katika pilikapilika za kuwahi wageni, aliitumbukiza kwenye begi jeusi akidhani ni lake. Haraka haraka haina baraka, na mhandisi naye ni mtu.

"Ulijua ni ya nani?" alimwuliza binti yake kwa sauti ya chini.

"Nilijua, mama." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Nilitaka nifunge zipu ninyamaze, usije ukaaibika. Lakini Lusajo wa darasani kwetu alikuwa ameshanyoosha mkono aishike."

Mgeni rasmi, Mama Nakajumo, aliweka kikombe chini. "Mhandisi, silaha hii ni ya nani?"

Angeweza kusema hajui, na wengi mle ndani wangefurahi kumwamini. Aibu ilimchoma, lakini kifua kilikuwa kimemjaa fahari ambayo makofi ya asubuhi hayakumpa. Alisimama.

"Ni yangu, na kosa ni langu. Puachuma haijafaa. Iondoeni getini."

Kisha akamshika Atupele bega, akamsogeza mbele ili wageni wote wamwone vizuri.

"Na huyu naye ni wangu."