Kambere wa Nani

Jua lilikuwa linazama, meli inang'oa nanga saa moja na nusu, na Madame bado alikuwa na jambo lake.

"Kavuo, nenda wewe. Mguu umekataa."

Akamkabidhi simu yenye mshale. Kavuo akavaa sweta, akashuka ngazi ya meli.

Huyu Kavuo ni mtoto wa Kalunguta, kijiji cha kwetu kati ya Butembo na Beni. Mwaka wa tisa huo alikuwa Ubelgiji akitunza wazee, na kwenye meli ile ya watalii yeye alikuwa msukuma kiti cha magurudumu, basi. Madame wake alikuwa na mchezo mmoja kila bandari. Wazungu wanaficha mikebe kwenye kuta na chini ya mawe, wanaweka alama ya mahali kwenye simu, na wengine wanakuja kuitafuta. Ukiupata mkebe, unaandika jina kwenye kadaftari kaliko ndani. Ukitoa kitu, unaacha kitu. Watu wazima na mvi zao. Kwetu mtu akikutwa jioni anaficha kitu chini ya jiwe, akiwa na bahati anaitiwa mchungaji.

Bandari ilikuwa ya Sisilia. Mshale ukampeleka nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, pasipo na mtu. Mita tano. Mbili. Akaingiza mkono kwenye ufa... baridi... akavuta.

Ndani mlikuwa na vigari vya plastiki, kadaftari, na medali ya Bikira Maria, ile wanayovaa watoto wa Kikatoliki siku ya komunyo ya kwanza. Ilikuwa imefungiwa kikaratasi cha Kifaransa: Imeokotwa ufukoni. Inataka kurudi kwao. Atakayeipata aisogeze mbele.

Akaigeuza. Nyuma mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari.

KAMBERE. KALUNGUTA.

Mdogo wake aliitwa Kambere. Miaka saba nyuma alienda shamba la kakao upande wa Beni, wenye bunduki wakawachukua njiani yeye na wenzake sita, na mpaka leo hapana maiti, hapana kaburi. Lakini akili ilimwambia ukweli palepale. Sisi Wanande majina yetu yanafuata zamu ya kuzaliwa; ita Kambere sokoni uone wangapi watageuka. Na nyumba yao ilikuwa ya Waprotestanti. Kambere wao hakuvaa Maria hata siku moja.

Akili ilisema. Kavuo hakutaka kuisikia, kwa sababu ya mlango.

Mama yake, Mama Kanyere, vita vilipowafukuza Kalunguta alihamia Vulamba, mjini Butembo. Kila jioni aliweka sahani ya Kambere mezani na kuacha mlango bila kufuli. Butembo ya siku hizi, mlango wazi. Wezi walishaingia mara mbili, mara ya pili na panga. "Kambere akikuya akute bamefunga," mama alisema, "ataita mpaka lini, na ile kigugumizi yake?" Maana Kambere kila neno alilianza mara tatu. Kavuo aliichukia ile sahani. Alitaka mama alie, amalize, afunge mlango kabla hajauawa kwa kungoja.

Basi akachukua medali, akaacha kibanio chake cha nywele, na kwenye kadaftari akaandika: Kambere anarudi kwa mama yake, Vulamba.

Aliandika yeye, kwa mkono wake. Mtu asije akasema alilazimishwa.

Mwezi uliofuata aliomba likizo, akafika Butembo. Mama akaishika medali, akapitisha kidole juu ya Maria muda mrefu.

"Ni yake?"

"Ni yake, mama. Aliponyoka kwa bale batu, akakimbia mbali. Alikufia mu bahari."

"Na hii ya Bakatoliki?"

"Pengine balimubatiza njiani."

Mama akamtazama. "Haya," akasema.

Wakalia siku tatu. Mchungaji Josaphat akaomba, majirani wakaleta kuni na unga wa fufu. Siku ya nne, jioni, Kavuo hakuweka sahani. Alipigilia komeo jipya, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Kisha akakaa na kushusha pumzi ya miaka saba.

Ndipo akasikia.

Chwa... chwa...

Miguu yenye maji, barazani. Na mvua haikuwa imenyesha. Harufu ikapenya chini ya mlango, harufu ya ule ukuta wa bandari, chumvi na kitu kilichooza. Bahari na Butembo, wapi na wapi?

Ngo. Ngo.

"Mama... ni mimi, Kambere. Nimechoka."

Sauti ilikuwa laini, ya kijana asiyefika miaka ishirini. Maneno yalitoka safi.

Hapana kigugumizi.

Kavuo akamshika mama mkono. "Usifungue," akanong'ona. "Haiko yeye."

"Najua."

"Mama..."

"Nilijua tangu siku ulinipa ile medali. Mi nilimuzaa, nikose kujua kenye alikuwa navaa ku shingo?" Mama alikuwa amekwisha kusimama. "Lakini wangu naye iko nabisha fasi moja, ku mulango ya mama mwingine. Kama mama wa kule anasema huyu haiko wangu, atalala wapi? Leta ufunguo."

Kavuo hakuinua mkono. Mama akautoa ufunguo mwenyewe mfukoni mwa binti yake, akafungua.

Hapakuwa na mtu. Lakini nyayo za maji ziliingia, moja... nyingine... mpaka kwenye kiti cha Kambere. Mama akapakua fufu na sombe, yale majani ya muhogo. Kavuo alifunika uso kwa kitenge, akasikia tu kitu kinatafuna polepole. Asubuhi sahani ilikuwa tupu, na nyayo zilikuwa zimekauka nyeupe sakafuni. Ilikuwa chumvi.

Jioni tano zikapita vile. Mama alianza kuimba tena jikoni. Kavuo hakupata usingizi, na siku ya sita akatia medali mfukoni, akaaga kwamba anaenda kuona nyumba ya zamani, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kalunguta. Mtoto wa watu lazima arudishwe kwao.

"Ni nyumba gani imepotewa na Kambere?" aliwauliza wanawake barabarani.

Hapana aliyemcheka. Wakamwonyesha ile, na ile, na zile mbili kando ya kanisa. Alihesabu kumi na moja, akachoka.

"Mukatoliki. Mwenye medali."

"Ah. Huyo wa Mama Victoire. Alienda Ulaya kwa njia ya jangwa." Wakanyoosha kidole.

Ilikuwa nyumba ya kina Kavuo wenyewe, ile waliyoikimbia. Ya Mama Victoire ilichomwa; aliikuta hii tupu, akaingia. Kavuo alikuwa ameshika medali kwenye ngumi, tayari kuitoa, alipoona mlangoni kufuli jipya.

"Wezi, mama?"

"Hapana wezi." Mama Victoire akashusha sauti. "Kuko kitu ilikuwa nakuya mangaribi. Inanuka sawa kakao yenye kuoza. Inabisha, inasema iko Kambere. Lakini mi najua sauti ya mutoto wangu, alikuwa naimba mu korali ya kanisa. Ile ilikuwa nasema ma... ma... ma... haimalize. Nikaimwangia maji ya baraka. Siku ya ine nikatia kufuli."

"Siku gani?"

Mama Victoire akaitaja. Ilikuwa jioni ileile Kavuo alipotia la kwake.

"Na sasa?"

"Mungu asifiwe. Hairudiake tena."

Kavuo akaibana medali mpaka ikamkata kiganja. Hakuitoa. Akaaga kwa adabu, akapanda moto.

Giza lilikuwa linaingia alipofika Vulamba. Mama alikuwa anapakua, mlango wazi, na harufu ya bahari imeshajaa nyumba.

"Balisema nini kule?" mama aliuliza bila kugeuka. "Wetu hakupita kwetu kwa zamani?"

"Alipita, mama."

Mwiko ukasimama. "Balimufungulia?"

Kavuo akakitazama kiti. Maji yalikuwa yanadondoka chini yake. To... to... Kisha yakaacha kudondoka, kama anayekaa pale naye anangoja jibu.

"Balimufungulia, mama. Alikula."